Daktari aliuliza mtoto analala wapi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Wenzetu wa nchi za baridi hushauriwa kusafisha sofa za vitambaa wakati wa majira ya baridi ili kupunguza mzio wa ndani ya nyumba. Je, wewe unasafisha makochi yako, na umeona nafuu?" Nimelisoma mara tatu nikiwa nimekalia kochi lenyewe. Jibu fupi: nilisafisha, nikakiona cha mtema kuni.

Kwanza tuelewane kuhusu hayo majira. Wao wanafunga madirisha Desemba kwa sababu ya baridi. Sisi wa Nyegezi, Mwanza, Desemba tuna mvua. Madirisha tunayafunga kuanzia Juni, kiangazi, vumbi la barabarani linapoingia mpaka kwenye kopo la sukari, na zile jioni za mwezi mwandamo ambapo wadudu wa ziwani wanapanda juu ya maji kama moshi wa tanuru, upepo unawaleta kwenye taa zetu. Asubuhi unawazoa kwa fagio chini ya dirisha. Wakikauka wanakuwa unga, na unga huo wapo watu unaowaziba pua. Kwa hiyo na sisi tunajifungia, tena na joto letu.

Nimefundisha baiolojia miaka 28, nivumilieni kidogo. Vumbi la ndani lina mwenyeji wake, utitiri wa vumbi, jamaa wa buibui mwenye miguu minane, urefu wake kama theluthi moja ya milimita. Anakula magamba ya ngozi zetu. Hanywi maji, anafyonza unyevu wa hewani, na hewa ikikauka sana anakufa. Waholanzi wa Leiden ndio waliomtambua kuwa chanzo cha mzio wa vumbi, mwaka 1964. Kinachotuwasha hasa ni kinyesi chake, na hicho kinabaki kitambaani hata yeye akiwa ameshakufa zamani. Kochi la sponji lenye kitambaa cha manyoya, kwake ni mji wenye soko na stendi.

Haya yote nilikuwa nayajua. Nimeyaandika ubaoni kwa mkono wangu. Sasa sikilizeni nilichofanya Julai 2019.

Binti yetu alikuwa anapata kipaimara Jumapili. Wageni wanatoka Magu na Geita, akiwemo wifi yangu mkubwa, ambaye mwaka uliotangulia alikaa, akanusa mkono wa kochi, akasema mbele za watu, "Wifi, makochi yako yananuka furu." Furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Neno lile lilinikaa. Seti yenyewe ni ya watu saba, rangi ya kahawia, alitutengenezea fundi wa barabarani kule Mkuyuni, na kitambaa nilichagua mwenyewe.

Alhamisi nikaita vijana wanaopita majumbani kusafisha makochi. Wakaja na mashine, ndoo mbili, brashi na sabuni ya povu. Kazi waliifanya, nisiwasingizie. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama ya kuoshea sufuria la kuni, nikaona aibu nikayamwaga mwenyewe. Wakaondoka wakisema, "Mama, ndani ya saa sita tu limekauka." Kitambaa kweli kilikauka. Ijumaa jioni nikauminya mto mmoja kwa ngumi, maji yakanichuruzika kwenye vidole.

Nyuma ya nyumba tuna jiwe, kama kila mtu Mwanza. Ndilo tunaloanikia mihogo, na saa saba mchana hulikanyagi kwa mguu mtupu. Mito ile ningeitandaza pale Ijumaa kutwa, yangekuwa mengine. Lakini nilikuwa na kuku wa kunyonyoa, na wageni wameshapiga simu wako Igoma. Nikatandika vitambaa vya kudarizi juu yake, nikafunga madirisha kwa ajili ya vumbi, nikapuliza marashi ya waridi.

Wageni wakapewa vyumba. Watoto, kama kwenye nyumba zote mnazozijua, sebuleni. Kijana wangu wa mwisho, miaka tisa wakati huo, akapata bahati ya kochi la watu watatu. Mwenzenu analala kifudifudi, pua imezama kwenye mto. Hivyo Ijumaa, hivyo Jumamosi. Jumapili kanisani alipiga chafya mpaka mzee wa mbele yetu akageuka mara mbili. Usiku wake, saa nane, wageni wamelala na masufuria hayajaoshwa, alikuja chumbani kwangu. Hakusema neno. Alinishika mkono akauweka kifuani kwake, nikaisikia ile filimbi kwa kiganja.

Tulipata bajaji. Huko tulikompeleka wakamwekea mashine ya mvuke, na daktari kijana, ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, akawa anaandika huku anauliza. Chakula? Familia ina mwenye pumu? Halafu: "Mtoto analala wapi?"

"Kitandani kwake, daktari."

"Na chandarua?"

"Na chandarua."

Mwalimu mzima. Mtoto alinitazama juu ya ile barakoa ya mvuke, akafumba macho.

Nilirudi nyumbani na hasira zangu zote nikawatupia wale vijana. Majirani niliwaambia wamemwekea mwanangu sumu kwenye sabuni. Wiki mbili baadaye kochi likaanza kutoa uvundo wa kweli, si ule wa wifi, nikamwita fundi alifungue. Akalipindua, akakata kile kitambaa cheusi cha chini kwa wembe. Sponji ilikuwa juu tu, kama siagi iliyopakwa na mtu mchoyo. Chini yake magunia, randa za mbao, mabaki ya mitumba, na mguu mmoja wa suruali ya jinzi, mzima, na pindo lake. Halafu mali yetu wenyewe: sarafu tatu za shilingi 200, kifuniko cha kalamu, maganda ya karanga, vifuko vya mayai ya mende, kichwa cha dagaa. Wifi alikosea samaki tu. Na vyote vimeota ukungu mweupe. Fundi akajifuta mikono, akasema, "Mwalimu, hili hulifui. Hili unalichoma."

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaonya wasomaji wasikubali mtu kumwagia kochi maji, basi. Sasa nikilihesabu upya, vijana waliniachia kochi bichi Alhamisi, na aliyemlaza mtoto juu yake Ijumaa ni mimi. Na hata kabla ya hapo. Chembe za utitiri ni nzito kiasi, ukizitimua hutua ndani ya nusu saa hivi. Baba watoto akiegemea kuangalia taarifa ya habari anavuta kidogo. Anayelala uso chini kwa saa nane anavuta palepale zinapotoka. Mwanangu alikuwa akilala pale kila tulipopata mgeni, na kwetu wageni hawaishi. Sisi tukaita mafua ya kiangazi.

Alipata nafuu? Alipata, tangu tulipoamua hatoki kitandani kwake hata aje askofu. Lakini siwezi kuapa kwamba ni kochi. Mwaka huohuo alianzishiwa dawa ya kuvuta asubuhi na jioni, na mashuka yake nikawa nafua kwa maji ya moto, kwa kuwa nyuzi 60 zinamuua utitiri. Binti yangu, ambaye sasa anasomea uuguzi, amenikata maini zaidi: kuna watafiti wa Denmark waliokusanya majaribio 54 ya kupunguza utitiri kwa wagonjwa wa pumu, wakachapisha mwaka 2008 kwamba hawakuona faida. Nikamwambia pumu ni kitu kimoja na kuwashwa pua ni kingine. Akasema, "Sawa, mama," kwa ile sauti yao.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na msiushike sana. Dawa ya daktari isiachwe kwa sababu umefua kochi. Nunueni makochi ambayo kava zake zinavulika. Mito iende juani kutwa, igeuzwe, ipigwe fimbo huko huko nje, na mwenye kifua asiwe karibu. Vifyonza vumbi vyenye chujio hafifu vinavuta mbele na kutema nyuma. Mimi nilitangaza nyumba nzima tutakaa viti vya mbao vitupu. Nikanunua vinne. Hakuna anayevikalia, vinawekewa nguo za kupiga pasi.

Na makochi mapya, ndiyo, ya kitambaa, yana miaka mitatu sasa na yameanza kubadilika rangi mikononi. Nimeita vijana wengine, wanakuja Jumanne. Hawa nao wamesema saa sita. Nimewaambia mito waniachie, nitaibeba mwenyewe jiweni. Wifi anakuja Agosti. Atalala na mimi chumbani, na baba watoto atalala kwenye kochi la watu watatu. Yeye hapigi chafya.