Kamera mbili, kiwiko kimoja, majibu mawili

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni kocha wa kuogelea hapa Mombasa, nimejichanga nikanunua kamera mbili za chini ya maji na programu ya kupima mwendo kwa pande tatu. Jumatatu kiwiko cha binti mmoja akivuta maji kwenye fristaili kimesoma nyuzi 112, Alhamisi 121, na mimi kwa macho sioni alichobadilisha. Nifuate programu au macho yangu?

JIBU: Kocha hongera kwa kujituma, ila tafadhali usimbadilishe binti mtindo kwa ajili ya hizo nyuzi 9, bado hujajua ni za kwake au ni za kamera.

Cheki kwanza muda. Kamera ukizibonyeza kwa mkono haziendi sawa, hata ukija kuzilinganisha kwenye kompyuta zinaweza kupishana nusu fremu (fremu ni picha moja ya video). Sasa mkono ukienda mita 3 kwa sekunde na kamera inapiga fremu 60 kwa sekunde, kati ya fremu na fremu mkono umeshasogea sentimita 5, nusu yake 2.5. Kigasha tuseme ni sentimita 25, kifundo cha mkono kikikosewa hizo 2.5 kwa pembeni pembe imeshaharibika karibu nyuzi 6, na hapo bado hatujagusa maji yenyewe! Kama kamera zako zina fremu 120 weka hizo, kosa linapungua nusu.

Halafu maji. Mwanga unapinda ukitoka majini kuingia kwenye hewa iliyo ndani ya kasha la kamera, kwa kioo bapa vitu vinaonekana vikubwa kama theluthi zaidi, kwa hiyo kalibresheni (kuifundisha programu vipimo kwa alama unazojua zilipo) uliyofanya nje ya bwawa haina kazi. Tengeneza kizimba cha bomba za plastiki, kitie alama, pima kila alama ilipo, kizamishe palepale atakapopita. Njia ya DLT, hesabu ya kugeuza pointi za kwenye picha kuwa mahali halisi kwa pande tatu, ile ya Abdel-Aziz na Karara ya mwaka 1971 ambayo programu nyingi zinaitumia, inataka alama zisizopungua 6 zisizolala kwenye bapa moja, ila majini weka nyingi zaidi ya hapo. Mkono ukitoka nje ya kizimba programu inakisia tu, na kamera ikiguswa kidogo baada ya hapo unaanza upya.

Mapovu nayo, mkono ukiingia majini kifundo hakionekani kabisa, anayebonyeza pointi za viungo kwenye skrini anabuni.

Kwa hiyo fanya hivi: chukua fimbo uliyoipima, sentimita 50 kamili, izungushe ndani ya maji uone programu inasoma ngapi katikati na ngapi pembeni. Kisha mvuto mmoja uleule wa binti ubonyeze pointi mara tano, siku tofauti. Majibu yakipishana nyuzi 5 au 6 basi ile 112 na 121 usizitenganishe, rekodi mivuto mingi kila siku uchukue wastani. Yakipishana nyuzi 1 au 2, na fimbo inasoma vizuri, hapo kaa na binti umuulize Alhamisi bega lilikuwaje.