Ninalala, lakini ninaamka nimechoka

Marahaba, mwanangu. Umeniandikia kutoka Chikongola, Mtwara, kwamba wewe ni karani katika ghala la korosho na mama wa watoto watatu, na kwamba tangu minada ianze mwezi Oktoba unarudi nyumbani usiku, unapika, unakagua madaftari, kisha unajilaza na simu mkononi mpaka usingizi ukupitie. Jumapili unafua kutwa. Unaniuliza kama umekuwa mvivu.

Hujawa mvivu hata kidogo. Umechoka, kwa sababu pumziko lako umelifanya kama ukoko unaobaki sufuriani baada ya kila mtu kupakuliwa, na siku nyingine hata ukoko haubaki.

Kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa mapumziko ya dakika 60 unapofanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, saa 24 za kupumzika kila wiki, na likizo ya siku 28 yenye malipo kila mwaka. Ninafahamu kwamba malori yakipanga foleni getini hakuna anayetaka kusikia habari za sheria. Hata hivyo, dakika hizo zidai kwa adabu, na ukizipata toka kwenye vumbi la magunia ukakae kivulini. Likizo iombe mapema, iangukie baada ya msimu, watoto wakiwa shuleni na nyumba imetulia.

Simu ichaji sebuleni, wewe ukalale chumbani. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi, na kujilaza huku ukifuatilia mambo ya watu hakuhesabiki humo. Ukilala hivyo kwa wiki kadhaa na uchovu usipungue, nenda hospitali wakupime damu, kwani upungufu wa damu huwachosha wanawake wengi ambao hujilaumu bure.

Jumapili ndiyo inayonigusa zaidi. Miaka niliyomuuguza mama yangu, nilijiwekea desturi ya kushuka Shangani mara moja kwa wiki, maji yakiwa yamekupwa, nikakaa kwenye mawe nikiwatazama wanawake wakichokoa miamba kwa vijiti wakitafuta pweza. Wiki za mwanzo nilibeba ukili nikawa nasuka, kwa kuogopa kuonekana nimekaa bure, na nilirudi na mabega yaleyale mazito. Wiki ya tatu niliuacha ukili nyumbani. Siku hiyo ndiyo niliyopumzika.

Kwa hiyo, kaa na mume wako leo jioni, mkubaliane kwamba Jumapili saa kumi ni yako. Mtoto wako wa kwanza, uliyesema ana miaka 14, anaweza kufua sare zake mwenyewe, na baba yake anaweza kuinjika wali. Wakikuuliza unakwenda kufanya nini, usitafute kisingizio cha sokoni wala cha msibani. Waambie unakwenda kupumzika.