Kuchapa diwani kwa pesa yako Dar, na kama ushairi unaweka ugali mezani

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Una mashairi ya kutosha diwani, mchapishaji mmoja kakwambia ushairi hauuziki, wa pili anataka "uchangie gharama": je, uchape mwenyewe? Je, mtu anaweza kuishi kwa ushairi hapa Dar? Na picha yako ikae jaladani? Mimi diwani moja nimeitoa kwa pesa yangu, nyingine kwa mchapishaji mdogo, na naishi Tabata, kodi ya nyumba nalipa. Nakujibu kwa ninayoyajua.

Huyo aliyekwambia ushairi hauuziki hajakutukana. Kwa hesabu za wachapishaji wetu, kitabu kinachouzika ni kinachosomwa shuleni. Wasakatonge na Malenga Wapya vimesomwa kidato cha tatu na cha nne miaka nenda miaka rudi, na kila Januari wanakuja watoto wapya wa kuvinunua. Diwani yako haina Januari. Wapo wachapishaji waliojitolea kwa fasihi: Mkuki na Nyota, aliyoianzisha Walter Bgoya mwaka 1991 baada ya kutoka Tanzania Publishing House, na E&D waliyoianzisha Elieshi Lema na Demere Kitunga. Lakini wa namna hiyo ni wa kuhesabu, na foleni ya miswada ni ndefu.

Kabla hujagusa senti yako, peleka mswada kwenye tuzo. Ipo ile ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye ikaitwa Safal-Cornell, nayo imekuwa na nafasi ya ushairi. Diwani ya Mohammed Ghassani, N'na Kwetu, ilishinda 2015 ndipo Mkuki na Nyota wakaichapa. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyo chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, nayo ilianza na riwaya na ushairi, mshindi wa kwanza akiondoka na shilingi milioni 10. Masharti ya mwaka husika yasome mwenyewe, ila kumbuka hii ya Nyerere inatafuta miswada ambayo haijachapwa. Ukishachapa, mlango huo umejifungia kwa mkono wako. Vijana wengi wanakimbilia kuchapa ili wawe na kitu cha kupeleka kwenye tuzo hiyo, wanaanza kinyumenyume.

Kuhusu huyo wa "changia gharama", muulize maswali mawili tu: nakala zikitoka ni za nani, na nani atazitembeza? Kama unalipa yote na maboksi yanakuja kulala sebuleni kwako, basi huyo hana tofauti na mwenye mashine, na wenye mashine wamejaa Kariakoo, Gerezani na Chang'ombe, tena bei utapatana mwenyewe. Kama anatia pesa yake kweli, soma mkataba, hasa kipengele cha haki zinabaki kwa nani na kwa muda gani. Mrabaha wa kawaida ni kama asilimia 10 ya mauzo. Usiudharau, ila usiukopee.

Tuseme umeamua kuchapa mwenyewe. Chapa kidogo. Fundi atakwambia ukichapa elfu moja kila nakala inashuka bei, na hasemi uongo, kwa sababu kwenye ofseti, ile mashine kubwa ya kuchapa kwa mabamba, gharama kubwa ni pleti (mabamba yenyewe) na kuiandaa mashine; mashine ikishazunguka, karatasi inayofuata ni rahisi. Lakini wewe hununui bei ya nakala, unanunua mzigo wa kuuza. Chapa mia moja kwa dijitali, isiyo na pleti, ziishe, rudi uchape tena. Siku ukienda ofseti, panga kurasa zako kwa kumi na sita kumi na sita, yaani 64 au 80, maana karatasi kubwa hukunjwa hivyo; ukija na 67 utalipia kurasa tupu.

Sasa hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo diwani nyingi za mtaani zinapoharibikia: upangaji wa kurasa. Mstari wa mizani kumi na sita, yaani silabi kumi na sita, ni mrefu. Kwenye ukubwa wa A5, ukiweka herufi kubwa, mstari unavunjika na neno la mwisho linaangukia chini. Kina kinapotea machoni, msomaji anadhani umekosea. Weka herufi za 11, pambizo za wastani, acha nafasi inayoonekana kati ya kipande cha kwanza na cha pili ili vina vya kati visimame wima, na usikubali ubeti ugawanywe kurasa mbili. Beti tano kwa ukurasa zinatosha. Halafu mkataze mpangaji asiweke kila kitu katikati kama kadi ya mwaliko.

La hatari zaidi ni mpangaji anayekusaidia kusahihisha Kiswahili. Wewe umeandika "Sikiza dada sikiza, bei ya nyanya yapanda", nane kwa nane. Yeye, au kompyuta yake, anaona "sikiza" ni kosa, anaweka "sikiliza" mara mbili. Kipande cha kwanza kimekuwa mizani kumi na ubeti umekufa. Nimeona diwani nzima ya mzee mmoja imesahihishwa hivyo, na ilikuwa imeshagandishwa gundi. Kwa hiyo prufu ya mwisho isome kwa sauti, kwenye karatasi, ukihesabu kwa vidole. (Wa mashairi huru nanyi someni kwa sauti, pumzi ndiyo mizani yenu. Ugomvi wa mapokeo na usasa, kama shairi lazima liwe na vina na mizani, msinianzishie hapa, una zaidi ya miaka hamsini na haujaua mtu.)

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, unaipata Bodi ya Huduma za Maktaba, pale Maktaba Kuu, Barabara ya Bibi Titi. Kazi isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Si kazi ngumu, usimlipe mtu wa kati.

Kuuza ndiko kuna kazi. Duka la vitabu litachukua nakala zako kwa mali kauli: unaacha mzigo, unalipwa vikiuzwa, na duka linakata asilimia 30 hadi 40. Kitabu cha shilingi 10,000 kinakuachia 6,000 au 7,000, hujatoa uchapaji, hujatoa nauli ya kufuatilia. Weka nakala chache madukani, kwa heshima ya kuonekana: TPH pale Samora, Soma kule Mikocheni ambako watu wa fasihi hukutana. Zisizidi hapo. Na kila unapoacha mzigo, andikiana na mwenye duka, tarehe na idadi, maana muuzaji uliyeongea naye leo kesho kaacha kazi na mwenzake hakujui.

Nakala zinazolipa ni zinazotoka mkononi mwako. Begi lisikose kitabu. Mtu akisikia shairi likasomwa vizuri kwenye shughuli, ana kama dakika kumi za kutaka kununua. Akishapanda bodaboda umemkosa. Lipa namba iwe imebandikwa nyuma ya nakala ya maonyesho. Wa mikoani watumie kwa basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, mnunuzi alipe nauli ya kifurushi. Softi kopi mimi siuzi. Wenzetu wa riwaya wanauza sehemu kwa sehemu kwenye magrupu ya WhatsApp na wanapata chochote, kwa sababu msomaji anasubiri kesho kutatokea nini. Shairi halina kesho. Likitumwa mara moja limesambaa, na jina lako limekatwa juu.

Uzinduzi? Fanya mdogo. Ukumbi, keki na mgeni rasmi vinakula pesa ya toleo la pili. Ni kweli mgeni rasmi anaweza kununua nakala moja kwa laki kadhaa mbele ya kamera, lakini ahadi za kwenye maiki nazijua. Andika majina na namba za simu palepale, na kabla ya biriani.

Kuishi kwa ushairi inawezekana, ila si kwa kitabu. Mimi kitabu hakijawahi kunilipia kodi ya miezi mitatu mfululizo. Kilichonilipia ni tungo za kuagizwa: send-off, harusi, mtu anastaafu, taasisi inazindua mradi. Ngonjera za watoto wa shule zina msimu wake, na tangu Julai 7 iwe Siku ya Kiswahili Duniani, simu zinaanza kuita Juni. Mteja wa harusi alipe nusu kabla hujashika kalamu. Akupe majina ya wazazi wote wawili, ukoo, na lile jambo ambalo halitakiwi kutajwa. Hilo la mwisho uliza kwa upole lakini uliza. Mteja wa taasisi analipa vizuri na anachelewa: ataomba ankara, TIN (namba ya mlipakodi), risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), na atakukata kodi ya zuio asilimia 5, kwa hiyo bei yako itaje ukilijua hilo. Nimeshasikia washairi wenzangu wakisema tungo za kuagizwa zinashusha hadhi. Wengi wao wana mshahara wa ualimu, Mungu awazidishie.

Na kitabu kinaingiaje hapo? Kinakupandisha bei. Mwenye diwani haulizwi "kwani wewe ni nani", anaulizwa "unachukua shilingi ngapi". Ndiyo maana mimi ningechapa hizo mia hata kama najua faida yake ni ndogo, lakini baada ya tuzo kujibu, si kabla. Na kazi ya mshahara usiiache mwaka huu.

Picha yako iweke nyuma, ndogo, na usivae suti uliyoazima.