Jibu kwa mama wa mrushaji: softiboli na udhamini wa chuo Marekani

Dada yangu, nimekuelewa: binti yako yuko darasa la 10 huko Texas, ni mrushaji wa softiboli (mchezo unaofanana na besiboli) katika timu ya kusafiri, yaani timu ya kulipia inayozunguka mashindanoni nje ya shule, ada zinakulemea, na kocha anakuhakikishia kwamba udhamini hautakosekana ilhali hakuna chuo kilichowahi kumwandikia. Ukimya huo usikutishe, kwa sababu kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, haziwaruhusu makocha wa vyuo vya Divisheni ya 1, iliyo ngazi ya juu kati ya tatu, kuwasiliana na mchezaji wa softiboli kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka wake wa darasa la 11. Ahadi ya kocha ndiyo ya kutiliwa shaka, maana udhamini hutolewa na chuo, tena mara nyingi ni wa sehemu tu ya gharama; Divisheni ya 3 haitoi kabisa udhamini wa michezo, ingawa misaada ya kitaaluma na ya wenye kipato kidogo ipo.

Mwombe mshauri wa shule ahakikishe kwamba masomo 16 ya msingi ya sekondari yanayodaiwa na Divisheni ya 1 na ya 2 yatakamilika. Kisha binti mwenyewe, si wewe, awaandikie makocha barua pepe fupi yenye mwaka wa kuhitimu, alama zake, ratiba ya mashindano na video inayomwonyesha akirusha, iliyopigwa kutoka nyuma na kutoka ubavuni. Kampuni zinazotoza fedha kwa kazi hiyo ya kuwafikia makocha, kwa maoni yangu, si za lazima. Vyuo vya miaka miwili navyo msividharau.

Bega likimuuma kila anaporusha, apumzike na apelekwe kwa daktari wa michezo, hata kama fainali ni kesho.