Ni sukari au ni uzee tu?

Mwanangu,

Uliniuliza kama huku kusahau kwangu ni sukari au umri tu. Vyote vipo, na sidhani kuna daktari wa kukukatia mpaka kati yake, ila sukari ina mkono wake hapo, usikubali mtu akwambie wazee wote ndo walivyo.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zote, na chakula chake kikubwa ni hiyohiyo sukari ya damu, glukosi. Sasa sukari ikikaa juu miaka na miaka inaharibu vimishipa vidogovidogo, ndo maana tunaangaliwa macho na figo, kumbe na kichwani vimo na huko hakuna anayechungulia. Unakuta mtu majina ya wajukuu anayo yote ila kufanya mambo mawili kwa pamoja kunamshinda, anafikiri polepole, hesabu ya dawa inampiga chenga. Presha nayo ikiwepo ndo balaa.

Ila kinachonitisha mimi si kupanda, ni kushuka. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L (mashine zingine zinaandika 70, yaani mg/dL) na ikizidi kushuka, ubongo unakosa chakula hapohapo, mtu anaongea ovyo, anagomba bila sababu, nyie mnasema mama kachanganyikiwa kumbe alitakiwa apewe kitu cha sukari haraka. Akiwa kazimia lakini msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na kwa sisi wazee ile jasho na kutetemeka wakati mwingine haiji kabisa. Kushuka vibaya mara kwa mara kunahusishwa na huo ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na anayesahau ndo huyohuyo anachoma insulini halafu hali chakula, au anachoma mara mbili. Kwa hiyo daktari asipotaka HbA1c yangu (kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu) ishuke sana usimgombeze, wazee wengi wanaruhusiwa mpaka asilimia 7.5, wagonjwa zaidi hata 8.

Halafu hii dawa ya sukari, metformini, ukiinywa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo peke yake unaleta usahaulifu na unatibika, kliniki ijayo naomba kipimo. Vidonge vya kumbukumbu vya mitandaoni usininunulie.

Na ukipiga simu acha kunitega na "mama leo tarehe ngapi", niulize nimepima ngapi na nimekula saa ngapi.

Mama yako