Maswali na Majibu: Naacha sigara, nianze na kifaa kipi cha kielektroniki?

SWALI: Assalamu alaykum, ndugu mwandishi. Nina umri wa miaka 41, mzaliwa wa Mombasa, na kwa miaka 9 sasa nafanya kazi ya zamu katika ghala moja mjini Leicester. Navuta sigara 15 kwa siku, ya kwanza kabla hata birika halijachemka. Mwaka jana nilijaribu plasta za nikotini nikafika wiki ya tatu. Mwezi uliopita niliingia katika duka la sigara za kielektroniki nikakuta ukuta mzima umejaa vidude vya kila rangi. Kwa kuwa nikotini naiogopa, nilichukua maji ya kuvuta yenye nikotini ya miligramu 3 tu, na kijana wa dukani akaniuzia chombo kikubwa kinachotoa mvuke kama garimoshi. Nilikohoa siku mbili, kiu ya sigara haikupungua hata chembe, na siku ya tatu nikairudia pakiti yangu. Je, mtu anayeanza achague kifaa gani? Nyumbani nina watoto wawili wadogo, na mwezi Desemba nasafiri kwenda Mombasa, kisha Kampala kwenye harusi ya dada yangu. (Msomaji, Leicester)

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Chombo ulichouziwa si kibovu, ila hakikuwa cha kwako. Vyombo vikubwa vya namna ile na maji ya miligramu 3 hutengenezwa viende pamoja, kwa ajili ya mtu anayevuta mvuke mwingi moja kwa moja hadi mapafuni, ambaye nikotini yake huipata kwa wingi wa mvuke na si kwa ukali wa maji. Wewe umezoea kuvuta moshi kidogo, ukautuliza kinywani, kisha ukaushusha kifuani. Kifua chako kilikohoa kwa sababu kilipewa mvuke kisioujua, na arosto ikabaki palepale kwa sababu nikotini uliyoipata haikufikia ile uliyoizoea.

Hofu yako ya nikotini naielewa, na ndiyo inayowaangusha wengi. Mimi mwenyewe, niliyevuta kwa miaka 11, nilianza na miligramu 6 kwa sababu ya haya tu, maana niliona kuomba chupa kali ni kukiri mbele ya muuzaji kwamba nimetekwa. Wiki haikuisha nikawa naomba sigara kwa majirani. Nikotini ndiyo inayokufunga kamba, hilo ni kweli, lakini kinachozalisha saratani na kuharibu mishipa ya moyo kwa kiasi kikubwa ni moshi wenyewe, kwa kuwa tumbaku inapoungua hutoa lami, hewa ya kaboni monoksaidi na maelfu ya kemikali nyingine. Kifaa cha kielektroniki hakiunguzi kitu, bali hupasha moto maji yenye nikotini hadi yawe mvuke. Usidanganyike kwamba mvuke huo ni hewa safi ya baharini: una kemikali zake, na kwa kuwa kifaa cha aina hii kilibuniwa na mfamasia wa China, Hon Lik, mwaka 2003, hakuna kizazi kilichokitumia kwa miaka 50 tukaona mwisho wake. Ndiyo maana huduma ya afya ya Uingereza, NHS, humshauri mvutaji ahame kutoka kwenye sigara, lakini humwambia asiyevuta, na hasa kijana, asikiguse kabisa.

Upo utafiti mmoja unaokuhusu moja kwa moja, kwa kuwa ulifanywa hapohapo Uingereza na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2019 katika jarida la New England Journal of Medicine. Wavutaji 886 waliotaka kuacha waligawanywa makundi mawili: wengine walipewa plasta, bazoka na dawa nyingine za nikotini kwa hiari yao, na wengine wakapewa kifaa cha kielektroniki cha kujaza chenye maji ya miligramu 18. Wote walipata ushauri wa ana kwa ana kila wiki kwa wiki 4 au zaidi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya waliopewa kifaa walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya kundi la plasta. Hesabu hiyo isikupandishe kichwa, kwa sababu hata katika kundi lililofanikiwa zaidi, watu 8 kati ya 10 hawakufanikiwa. Tena wengi wa waliofanikiwa walikuwa bado wanakitumia kifaa mwaka ulipoisha. Lakini tazama ukali wa maji waliyopewa: 18, si 3.

Kwa mtu wa sigara 15 kwa siku, tena anayewasha ya kwanza ndani ya nusu saa tangu aamke, ningeanza na miligramu 18 au 20 kwa kila mililita. Sheria ya Uingereza hairuhusu kuzidi 20, kwa hiyo huwezi kupita kiasi hicho katika duka halali. Ukipata kizunguzungu au kichefuchefu, umevuta mno kwa mara moja: weka chini, kunywa maji ya kawaida, na kama hali hiyo inajirudia shuka hadi 12. Ni rahisi zaidi kushuka kutoka juu ukiwa umeshaachana na sigara kuliko kupanda kutoka chini huku pakiti ikikuita kutoka mfukoni. Uliza maji yenye chumvi ya nikotini, kwani hayo hupita kooni kwa ulaini hata yakiwa makali. Nikotini ya kawaida kwa kiwango kilekile hukwaruza koo, ingawa wapo wavutaji wa zamani wanaoutaka mkwaruzo huo kwa sababu unawakumbusha sigara.

Kifaa chenyewe kiwe kile kidogo cha podi, yaani kikopo cha kuwekea maji ya nikotini, cha ukubwa wa kiberiti cha gesi au kilichozidi kidogo, kinachochajiwa na kujazwa tena, na kinachojiwasha unapovuta bila vitufe vya kuchezea. Vile vya kutumia mara moja na kutupa havipo tena kihalali, kwa kuwa vilipigwa marufuku kote Uingereza tangu tarehe 1 Juni 2025, na ukivikuta chini ya kaunta ya duka fulani, ujue muuzaji huyo hakujali sheria na huenda hakujali kilichomo ndani. Ishara ya kukuongoza ni mvuto wake. Ukivuta kifaa kinachokufaa, hewa huja kwa kubana, kama unavyonywa soda kwa mrija mwembamba. Ikija kwa wepesi kama kuvuta hewa kupitia bomba tupu, hicho ni cha kundi lile lile lililokukohoza. Kwenye podi au koili (waya unaoyapasha moto maji) utaona namba ya omu, kipimo cha ukinzani wa umeme: tafuta iliyo karibu na 1 au juu yake. Maji nayo yawe na mgawanyo wa nusu kwa nusu kati ya propilini glikoli na gliserini, vimiminika viwili vinavyobeba nikotini, kwa sababu maji mazito yenye gliserini nyingi hayapenyi vizuri katika pamba ya koili ndogo.

Hapo kwenye pamba ndipo wanaoanza wengi huharibu mambo siku ya kwanza. Ndani ya podi kuna ile koili, iliyozungukwa na pamba, na kazi ya pamba ni ile ile ya utambi wa koroboi. Utambi mkavu ukiuwasha huungua wenyewe badala ya kuunguza mafuta. Basi ukishajaza podi mpya, iweke mezani kwa dakika 10, ukanywe chai yako, ndipo uvute. Ukivuta mara tu baada ya kujaza, utaonja ladha ya pamba iliyoungua, na ladha hiyo haiondoki mpaka ubadilishe podi. Koili nzima hudumu wiki moja au mbili, kisha ladha hubadilika na mvuke hupungua.

Uvutaji nao una namna yake. Sigara tunaivuta kwa haraka na kwa nguvu, lakini kifaa hiki hutaka mvuto wa polepole wa sekunde 3 au 4, ambao unautuliza kinywani kwanza. Nikotini yake hufika taratibu kidogo kuliko ya sigara, kwa hiyo usikate tamaa baada ya mvuto wa pili. Subiri dakika chache kabla ya kuhukumu. Kuhusu ladha, wengine watakuambia uchague ya tumbaku ili usione tofauti. Mimi naona kinyume chake, kwamba ladha ya mnanaa au tunda huifanya sigara ionekane chafu siku utakapojaribiwa, ila hilo ni suala la ulimi wa mtu.

Kwa ajili ya watoto, chupa ya maji ya nikotini ni sumu, na harufu yake ya embe au stroberi ndiyo mtego. Ifungie kabatini pa juu pamoja na podi, usiiache kitandani wala mfukoni mwa koti linaloning'inia chini. Mtoto akimeza, usingoje dalili, piga simu 999. Yakikumwagikia mkononi, nawa mara moja.

Kuhusu safari, kifaa na betri huingia nawe ndani ya ndege, havipakiwi kwenye mizigo ya chini, wala huruhusiwi kukitumia au kukichaji angani. Kenya bidhaa hizi zinauzwa na kutozwa ushuru, hivyo Mombasa huenda usipate tabu, ila hakikisha sheria ya sasa kabla ya kusafiri. Uganda ni habari nyingine, kwa sababu Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuziingiza nchini na kuziuza. Usikivushe kifaa mpaka huo. Kiache Mombasa, na kwa siku za harusi chukua plasta pamoja na bazoka za nikotini, viwili kwa pamoja, kwani plasta peke yake ndiyo iliyokushinda mwaka jana. Vilevile, kabla ya kutumia pauni yako nyingine, muulize daktari wako au mfamasia kuhusu huduma ya kuacha sigara ya mtaa wenu. Baadhi ya sehemu za England hutoa kifaa cha kuanzia bila malipo.

SWALI: Shikamoo kaka. Mume wangu alianza kifaa cha kielektroniki wiki 6 zilizopita. Amepunguza kutoka sigara 20 hadi 3 kwa siku na anasema yatosha. Je, anasema kweli? (Mama wa watatu, Reading)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Mpe pongezi zake kwanza, maana kutoka 20 hadi 3 si kazi ndogo. Lakini moyo hauhesabu sigara kama tunavyozihesabu sisi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la BMJ ulionyesha kwamba mtu anayevuta sigara 1 tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mvutaji wa 20. Sigara 3 za mumeo, kwa hiyo, hazijamvusha ng'ambo.

Usimgombeze, ila muulize ni zipi hizo 3. Ikiwa moja ni ya asubuhi, maana yake nikotini ya usiku imeisha mwilini na kifaa hakimfikii upesi. Akilala na plasta ya saa 24, ataamka akiwa na akiba. Ikiwa ni ya baada ya chakula au ya barazani na rafiki fulani, hiyo ni desturi zaidi kuliko kiu, na inafaa abadilishe mahali anapokaa saa hiyo huku kifaa kikiwa mkononi na kimechajiwa. Tazama pia namba kwenye chupa yake: kama tayari ameshuka hadi miligramu 6, arudi 12 au 18 mpaka zile 3 ziishe, halafu ndipo azungumzie kupunguza.