Karatasi iko mezani kwa nani? Kwa mnaoanza kampeni dhidi ya silaha za nyuklia

Kila mwaka tunapokea vijana wapya watatu au wanne, na karibu wote huja na swali walilotoka nalo nyumbani: sisi hatuna bomu wala mpango wa kulitengeneza, sasa tunapigania nini? Wengine wameulizwa hivyo na wazazi wao wakakosa la kujibu. Swali hilo ni la haki na nitalifikia. Lakini naomba nianze na kosa langu, kwa sababu lilinifundisha kazi hii kuliko semina zote nilizowahi kuhudhuria.

Miezi michache baada ya kujiunga, mimi na mwenzangu tulitumwa kuonana na afisa mmoja wa serikali anayeshughulikia mikataba ya kimataifa. Miadi hiyo tuliisubiri wiki sita. Baada ya salamu nikaanza kwa kujiamini: "Mzee, nchi 122 zimeshasaini mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia." Akavuta jalada lililokuwa pembeni ya meza, akalifungua, akapitisha kidole kwenye karatasi moja, kisha akaniuliza kwa upole: "Zimesaini, au zilipiga kura?" Sikujua. Tuliendelea kuzungumza kwa adabu kwa robo saa nyingine, lakini tangu pale hakuandika tena neno hata moja kwenye daftari lake. Miadi ya pili tuliipata baada ya mwaka mzima.

Basi hili lishikeni mapema. Tarehe 7 Julai 2017, kule New York, nchi 122 zilipiga kura kuyakubali maandishi ya mkataba. Uholanzi ilipinga, Singapore ikajizuia kupiga kura. Saini zilianza kuwekwa tarehe 20 Septemba mwaka huohuo. Nchi ikisaini imetangaza nia yake, na haitakiwi kufanya jambo la kulivunja lengo la mkataba, ila bado haijafungwa nao kikamilifu. Kinachoifunga ni kuridhia, yaani kuuthibitisha rasmi mkataba kwa kufuata sheria zake. Zilihitajika nchi 50 ziridhie. Honduras ikawa ya 50 tarehe 24 Oktoba 2020, na siku tisini baadaye, tarehe 22 Januari 2021, mkataba ukaanza kutumika. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisaini siku ya kwanza kabisa na ikaridhia mwaka 2022. Tanzania ilisaini Septemba 2019. Ukichanganya maneno haya matatu, kura, saini na kuridhia, mbele ya mtu ambaye ndiyo kazi yake ya kila siku, hata yale unayoyasema kweli atayatilia shaka.

Na hiyo Uholanzi, wapo wanaoihesabu kuwa ni kushindwa. Mimi siihesabu hivyo. Ilikuwa nchi pekee ya NATO, ule muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, iliyokaa kwenye majadiliano yale, na ilikaa kwa sababu wananchi wake walikusanya saini zaidi ya 40,000, bunge likalazimika kujadili suala hilo na kuisukuma serikali ihudhurie. Watu wa kawaida waliikalisha serikali isiyotaka mahali ambapo ilibidi itoe sababu zake hadharani. Kwangu huo ni ushindi mkubwa, na uliletwa na watu waliokusanya saini.

Sasa, kuridhia kunapita njia gani? Hapa ndipo vijana wengi huchoka, maana walidhani kampeni ni mabango na maandamano. Mabango yana siku yake. Siku nyingine zote unafuatilia karatasi. Kwa Tanzania, wizara husika huandaa waraka, waraka unakwenda Baraza la Mawaziri, halafu azimio linapelekwa bungeni, kwa kuwa ibara ya 63 ya Katiba imelipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2012 kuhusu kuingia na kuridhia mikataba, nayo inataka wananchi washirikishwe. Kila nchi ina njia yake, jifunze ya kwako mpaka uweze kuichora kwa kalamu bila kutazama popote. Kabla ya kuandika barua yoyote, jiulize karatasi iko mezani kwa nani leo. Mbunge ambaye azimio halijamfikia, ukimwomba aridhie utakuwa umemwomba kitu asichokuwa nacho. Mwombe aulize swali bungeni waraka umefikia wapi. Hilo analiweza wiki hiihii.

Aliyenifungua macho katika hili ni mama mmoja wa masjala. Nilikuwa nimekwenda mara ya nne kuulizia barua yetu, na nadhani uso wangu ulionyesha. Akaniambia, "Mwanangu, ukija na namba ya kumbukumbu nitakusaidia. Ukija na hasira tu sijui nitafute wapi." Akanionyesha jinsi barua inavyogongwa muhuri wa kupokelewa, inavyopewa namba ya jalada, na daftari wanalosaini inapotoka kwenda ofisi nyingine. Tangu siku hiyo sitoki ofisini kwa watu bila nakala yangu yenye muhuri, tarehe na namba. Barua yetu ya mwaka wa nyuma tulikuja kuiona mikononi mwa idara ambayo hata hatukujua kwamba inahusika.

Nirudi kwenye lile swali la nyumbani. Ukiulizwa linatuhusu nini, usianze na Washington wala Moscow. Anza Katanga, kusini mwa Kongo. Sehemu kubwa ya urani iliyoingia kwenye bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, kwenye mgodi wa kampuni ya Kibelgiji, na wachimbaji wake walikuwa Wakongo, wengi wakitumia Kiswahili kazini. Zaidi ya tani elfu moja za madini hayo zilikuwa zimeshafika New York mwaka 1940. Halafu nenda Reggane, kusini mwa Algeria, ambako Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza tarehe 13 Februari 1960, na ikaendelea mpaka majaribio yakafika 17. Kabla ya mlipuko ule wa kwanza kulikuwa na kikundi cha watu waliotoka Accra kwa magari, Waafrika, Waingereza na Wamarekani, wakikusudia kuingia eneo la jaribio na kulizuia kwa miili yao. Walizuiwa walipoingia Volta ya Juu, nchi tunayoiita leo Burkina Faso. Mmoja wao, Bill Sutherland, baadaye aliishi Dar es Salaam miaka mingi. Na Mkataba wa Pelindaba, unaoifanya Afrika nzima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulikaa miaka 13 tangu uliposainiwa Cairo mwaka 1996, mpaka Burundi iliporidhia Julai 2009 na idadi ikatimia. Nchi ndogo, karatasi moja. Nikimaliza kusimulia haya, sijawahi kusikia mtu akirudia kwamba hayatuhusu.

Jambo jingine ni takwimu na picha za milipuko. Najua zinavutia. Dunia ina vichwa vya nyuklia takriban 12,000, mikononi mwa nchi tisa, na ni sahihi kulisema hilo. Lakini ukimwaga hofu ukumbini bila kumpa mtu kazi ya kufanya, ataondoka nayo nyumbani na hutamwona tena. Mikutano ya kimataifa kuhusu madhara ya silaha hizi kwa binadamu, Oslo mwaka 2013, kisha Nayarit na Vienna mwaka 2014, ilibadili mwelekeo kwa sababu iliuliza swali la hospitali: bomu moja likilipuka, nani atawatibu waliojeruhiwa? Watu wa Msalaba Mwekundu walijibu wazi kwamba hakuna taifa wala shirika lenye uwezo huo. Swali hilo lilete kwenu. Niliwahi kuliuliza kwenye mkutano wa wauguzi: hospitali yenu ina vitanda vingapi vya watu walioungua? Dada mmoja alihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akaushusha mkono. Jioni ileile chama chao kiliandika barua kwa mbunge wao. Sikuwa nimetaja megatoni, kile kipimo cha nguvu za mabomu, hata mara moja.

La mwisho linahusu manusura, nami nawasihi mlichukue kwa uzito wote. Wastani wa umri wa waliookoka Hiroshima na Nagasaki umeshapita miaka 85. Setsuko Thurlow, manusura wa Hiroshima aliyekuwa na miaka 13 siku ya bomu, huonyesha kitambaa chenye majina 351 ya wanafunzi na walimu wa shule yake waliouawa. Hasemi mamia ya watu, anataja majina. Nilipopewa kazi ya kumkalimani bibi mmoja wa Hiroshima mbele ya wanafunzi wa sekondari, alifika pale majeruhi wanapoomba maji, akanyamaza. Ulimi uliniwasha nijaze kile kimya kwa maelezo. Mwalimu aliyekaa karibu nami alinigusa mkono, nikaacha. Bibi alikunywa maji kidogo, akaomba chaki, akachora ubaoni njia yake ya shule: nyumba yao, mto, daraja, duka la peremende, uwanja. Kisha akaendelea kusimulia akiwa amesimama kwenye ile ramani, na watoto walijua kila mahali alipotaja.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kukaa na mmoja wao, usikimbilie saa mbili na robo ya asubuhi ile, bomu lilipolipuka Hiroshima. Hakikisha kinasa sauti kina chaji ya kutosha, kaa karibu, na uanze kwa kumuuliza alipita njia gani kwenda shule.